BARAZANI KWETU: Hawakuhama, Walihamishwa



Kila msimu wa kuomba nafasi vyuoni ukifika, swali ni lile lile. Linaulizwa mwisho wa kikao, chai imeshapoa na nusu ya watu wameshasimama kuvaa makoti: je, niombe shahada ya uzamili katika taaluma za Afrika? Nyuma yake kuna swali la wazazi wetu: ukimaliza hiyo, utafanya kazi gani? Safari hii tumeona tulijibu hapa, badala ya kulijibia mlangoni.

Tuanzie hapa hapa Greenbelt, maana wengi wetu tumepanga huku, na kila siku tunapita kando ya historia ya jambo lenyewe. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Marekani ilishtuka, na mshtuko huo ulizaa mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni NASA, iliyoundwa mwaka 1958. Mwaka uliofuata kituo chake cha Goddard kikaanzishwa hapa Greenbelt. La pili ni Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, iliyotiwa saini na Rais Eisenhower tarehe 2 Septemba 1958. Sehemu ya sita ya sheria hiyo ilivipa vyuo vikuu fedha za kufundisha lugha ambazo Wamarekani wachache walizijua, pamoja na historia, siasa na jamii za maeneo zinakozungumzwa. Kiswahili kilinufaika na fedha hizo. Kwa hiyo hofu iliyoleta setilaiti Greenbelt ndiyo hiyo hiyo iliyoleta ngeli katika madarasa mengi ya nchi hii.

Goddard yenyewe inalo neno letu moja. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo Goddard, akaipa setilaiti jina la Uhuru. Orodha iliyotokana nayo ina vyanzo 339 vya miali hiyo. Mpaka leo wanafizikia wanalitaja jina hilo, na bila shaka wako wanaolitaja bila kujua maana yake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba taaluma hii ililetwa na Sputnik peke yake. Kutoka Greenbelt, panda treni ya laini ya kijani, shuka kituo cha Shaw-Howard, nawe umefika jirani na Chuo Kikuu cha Howard. Huko William Leo Hansberry alianza kufundisha historia ya Afrika mwaka 1922, miaka 36 kabla ya sheria ya Eisenhower, wakati wasomi wengi walikuwa wakisema Afrika haina historia ya kufundishwa. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Nigeria, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Oktoba 1969, katika mkutano wa Jumuiya ya Taaluma za Afrika uliofanyika Montreal, wasomi weusi walisimama wakadai nafasi sawa katika uongozi wa jumuiya hiyo. Walikuwa wakiuliza nani anaisema Afrika, na anaisema kwa niaba ya nani.

Basi anayeingia katika programu hizi leo anakuta urithi wa aina mbili. Mmoja ni wa serikali iliyotaka kuwajua watu wa mbali kwa usalama wake. Wa pili ni wa watu waliotaka kujijua wao wenyewe. Darasani urithi huu umechanganyika, na kwa maoni yetu lugha ndiyo inayoonyesha mwanafunzi yuko upande gani. Tutaeleza kwa mfano wa mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu kuusimulia mradi tusimtaje.

Mwenzetu huyu amezaliwa Maryland, wazazi wake ni wa Dodoma. Alikuwa akiandika pendekezo la tasnifu ya uzamili, akilinganisha vijiji vya ujamaa vya Tanzania na mji wetu wa Greenbelt. Wazo lilikuwa zuri. Greenbelt ni mji uliojengwa na serikali ya Roosevelt. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1937 katika nyumba 885 zilizopangwa kuzunguka bustani, na duka la mji lilikuwa la ushirika. Kote kuwili serikali ilitaka watu waishi pamoja na washirikiane. Alikuwa amesoma vitabu vingi na makala nyingi, zote za Kiingereza. Akatusomea rasimu yake Jumamosi moja. Ilisema, kwa Kiingereza, kwamba katika miaka ya 1970 familia za wakulima zilihama kutoka makazi yao ya zamani zikaenda kuishi vijijini.

Mama mmoja miongoni mwetu, mwanachama wa siku nyingi, akamwuliza: sentensi hiyo ungeiandikaje kwa Kiswahili? Kijana akajibu kwamba angeandika "walihama". Mama akamshauri ampigie bibi yake simu kwanza.

Alipiga Jumapili. Bibi alimweleza kwa urefu, na jambo moja alilirudia: wao hawakuhama, walihamishwa. Ni kitenzi kile kile kilichoongezwa viambishi viwili, cha usababishi na cha utendwa, lakini habari yote imegeuka. Aliyehama ameamua mwenyewe. Aliyehamishwa ana aliyemhamisha, na msikilizaji mara moja anauliza ni nani, kwa amri gani, na kama mtu angeweza kukataa. Kiingereza nacho kinaweza kusema hivyo, ila si lazima kiseme, na mwandishi asiyejua kilichotokea hupita bila kujikwaa.

Mwenzetu alirudi kwenye tarehe zake kwa macho mengine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na miaka ya kushawishi watu wajiunge kwa hiari. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwaka 1976. Kumbe hata tarehe zilikuwa zinasema: wako waliohamia, na wako waliohamishwa. Bibi naye hakuhesabu hasara tu. Alisema shule ilikuwa karibu kuliko zamani, na kwamba mama wa kijana huyu alisoma kwa sababu hiyo. Hilo nalo halikuwa kwenye rasimu.

Kisha akaugeukia mji wetu kwa swali lile lile. Waliohamia Greenbelt mwaka 1937 walijaza fomu, wakachaguliwa. Familia za weusi hazikuruhusiwa kupanga hata moja ya nyumba zile. Ulinganisho wake wa mwanzo ukavunjika, ukazaliwa wenye nguvu zaidi: mji ambao watu waliomba kuingia na wengine wakafungiwa mlango, na vijiji ambavyo watu walipelekwa na wengine hawakupewa nafasi ya kukataa. Tasnifu hiyo inaendelea kuandikwa sasa, na sote tunaingojea.

Funzo letu ni hili. Katika programu nyingi za uzamili lugha ni sharti la kutimizwa: mihula kadhaa, mtihani, basi. Mtu anaweza kuhitimu taaluma za Afrika Mashariki huku Kiswahili chake kikiishia kwenye maamkizi na kuagiza chai. Tunawaomba msikubali kuhitimu hivyo. Kama tasnifu yako inahusu Waswahili au Watanzania au Wakenya, na katika orodha ya marejeo yako hakuna hata chanzo kimoja cha Kiswahili, jiulize umemsikiliza nani.

Wala visingizio vya kukosa vyanzo hatuna, sisi wa eneo hili. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi yake Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya vitabu, magazeti na majarida ya Afrika Mashariki na kuyaleta Washington. Kadi ya msomaji ni bure kwa yeyote aliyetimiza miaka 16. Panda laini ya kijani mpaka L'Enfant Plaza, badilisha treni, shuka Capitol South. Nenda na kitambulisho na subira. Vilevile vyuo vya eneo la Washington vina ushirikiano unaomwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kuomba kusoma somo katika chuo kingine. Kama Kiswahili cha ngazi ya juu hakifundishwi kwenu, mwulizeni msajili wenu.

Sasa tuwajibu wazazi, na tuwajibu kwa ukweli. Shahada hii haina kazi inayoingoja mlangoni. Fedha zenyewe hazitabiriki: mwaka 2011 serikali kuu ilizikata kwa karibu asilimia 40, na mwaka 2025 bajeti iliyopendekezwa na Ikulu ya Marekani ilitaka zifutwe kabisa. Kilicholetwa na hofu huondoka hofu inapohamia kwingine. Kwa hiyo tunashauri usiingie kwenye deni kubwa kwa ajili ya shahada hii peke yake, na ukiweza, uiunganishe na ukutubi, sheria, afya ya jamii au ualimu. Mkalimani wa hospitali anayejua tofauti ya "amekufa" na "ameuawa" anahitajika, na mkutubi anayeweza kusoma anachokiorodhesha anahitajika pia. Lakini anayehitajika ni yule anayeijua lugha kweli.

Ili haya yasiwe maneno matupu, kamati imekubaliana jambo moja. Kuanzia muhula ujao, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi itakuwa ya kusomeana rasimu. Kila anayeleta kurasa zake alete na chanzo kimoja cha Kiswahili: makala ya gazeti, barua, kanda, au mazungumzo na mzee wake, kwa idhini ya mzee huyo. Tutasoma pamoja, tukibishania vitenzi. Walimu wetu mnakaribishwa sana. Chai tutaipika upya.

Wasalaamu.