Siku 28 za Milio ya Bunduki



Juma hili napenda tuutazame ugomvi ambao kwa mbali huonekana kuwa ni wa majirani tu, usiostahili kumwondolea mtu usingizi, ila unaondoa usingizi kwelikweli. Nazungumzia viwanja vya kulenga shabaha vinavyofunguliwa mashambani huko Uingereza kwa ajili ya burudani, na hasa mchezo wa kufyatulia bunduki visahani vinavyorushwa angani kwa mashine. Wenyewe huviita njiwa wa udongo, kwa kuwa hapo kale walirushwa njiwa hai. Siku hizi si njiwa, wala kwa kweli si udongo, bali ni mchanganyiko wa lami na unga wa mawe ya chokaa.

Na mchezo wenyewe sina ugomvi. Umo katika Michezo ya Olimpiki, unadai mkono mtulivu na nidhamu kubwa. Tena mkulima ambaye ngano haimlipi hatendi kosa akitafuta pato lingine katika shamba lake. Ninachokipinga, bila kumung'unya maneno, ni utaratibu unaomruhusu mtu kuianzisha milio hiyo pasipo kumwuliza jirani yake neno lolote.

Kwa kawaida, mtu anayetaka kubadili matumizi ya ardhi nchini humo huomba kibali kwa halmashauri. Ombi hutangazwa, majirani hupewa muda wa kutoa maoni, na halmashauri hupima faida na madhara, kisha hukubali, hukataa, au hukubali kwa masharti. Huo ni utaratibu wa haki. Lakini upo mlango wa pembeni. Kanuni ya ruhusa ya jumla ya mwaka 1995, na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake, zimeruhusu ardhi itumiwe kwa shughuli ya muda hadi siku 28 kwa mwaka bila ombi wala tangazo. Masoko na mashindano ya magari na pikipiki yamewekewa kikomo cha siku 14, maana watunga kanuni walitambua kuwa yana kelele na msongamano. Bunduki zimeachiwa siku zote 28! Mwenye kuweza kunieleza kwa nini pikipiki inasumbua kuliko bunduki, na anieleze.

Siku 28 husikika chache mpaka mtu apige hesabu. Chukua Jumapili moja kila juma, tangu mwanzo wa Aprili hadi katikati ya Oktoba: siku zimekwisha, na majira yote ambayo watu wa nchi ile ya baridi huweza kukaa nje yamekwisha pamoja nazo. Wakija wapigaji 40, kila mmoja akapiga visahani 100, ni milio 4,000. Ikipigwa kwa muda wa saa 3, ni mlio mmoja takriban kila sekunde 3. Na kila risasi moja ya bunduki hizo ikibeba marisau ya gramu 28, kiasi ambacho ni cha kawaida, basi kwa siku moja zimemwagwa ardhini kilo 112, na kwa siku zote zaidi ya tani 3.

Kiswahili chetu kina ukweli mchungu hapa. Risasi ni jina la kile kinachotoka katika bunduki, na risasi ni jina la metali yenyewe, ambayo ni sumu. Huko Stratford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, klabu moja iliyokuwa ukingoni mwa maji ya Long Island Sound iliendesha mchezo huu kwa karibu miaka 70, hadi 1986. Kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufani mwaka 1993 ilionyesha kuwa takriban tani 2,400 za marisau zilikuwa zimelala ardhini na majini, na bata wa pale walikutwa wameathiriwa na sumu ya risasi. Klabu ilidai kuwa marisau hayo si taka, kwa kuwa yalitumika kama yalivyokusudiwa. Mahakama haikukubali: kitu kilichoachwa muda mrefu hivyo kimetupwa.

Najua nitajibiwa kwamba mambo yanabadilika. Ni kweli. Mwezi Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa itapiga marufuku marisau ya risasi, baada ya kipindi cha mpito cha miaka 3. Ni hatua njema, ila marisau ya chuma hayampunguzii jirani kelele.

Jambo linalonigusa zaidi ni la Jumapili. Sheria ya wanyama na ndege wa mawindo ya mwaka 1831, ambayo kwa sehemu hiyo ingali hai, inakataza kuwawinda siku ya Jumapili na siku ya Krismasi. Basi kware na ndege wenzake wana Jumapili yao, wanapumzika kwa amri ya Bunge. Visahani si mawindo, kwa hiyo bunduki hulia kihalali wakati kengele inaita watu ibadani, na bibi mgonjwa katika nyumba ya ng'ambo ya ua wa miti hana pumziko alilopewa ndege.

"Aende mahakamani," husema watetezi wa mlango wa pembeni. Tuone. Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya maofisa wa afya ya mazingira unasema kuwa kelele za bunduki zikiwa chini ya desibeli 55, udhia si rahisi kutokea. Zikipita 65, karibu hakika watu wataudhika. Na katikati? Katikati ndiko waliko wengi, na huko kila upande huleta mtaalamu wake na ankara yake. Halmashauri ikitoa amri ya kukomesha kero chini ya sheria ya mwaka 1990, mwenye biashara anaweza kujitetea kuwa ametumia njia bora zilizowezekana. Akizidisha siku zake na kuendelea miaka 10 pasipo kuchukuliwa hatua, matumizi yale huwa halali. Hata pale ombi linapofikishwa halmashauri, mwombaji akikataliwa anaweza kukata rufaa. Jirani, kibali kikitolewa, hana rufaa. Amebakiwa na kuiomba Mahakama Kuu ichunguze uhalali wa uamuzi, ndani ya majuma 6, kwa gharama inayomzidi mtu wa kawaida. Mizani ya namna hii imeinama kabla hakijawekwa kitu.

Ipo hoja moja ambayo siipuuzi: kwamba walalamikaji ni wahamiaji kutoka mjini, waliokuja kutafuta shamba lisilo na harufu ya samadi wala mlio wa bunduki. Wapo wa namna hiyo, nao wanachosha. Hata hivyo, tangu kesi ya Sturges na Bridgman ya mwaka 1879 mahakama za Uingereza zimeshikilia kuwa kero haihalalishwi kwa kuwa mlalamikaji alikuja baadaye, na Mahakama ya Juu ikalikazia jambo hilo mwaka 2014. Majimbo mengi ya Marekani yamekwenda kinyume, kwa kutunga sheria za kuvikinga viwanja dhidi ya mashtaka ya kelele. Michigan ilifanya hivyo mwaka 1989. Sioni busara ya kuiga.

Wala kusema "ni shamba langu" hakutoshi. Mwaka 1936 mahakama ilimhukumu bwana Emmett, aliyeamuru bunduki zifyatuliwe mpakani mwa ardhi yake mwenyewe ili kuwasumbua mbweha wa jirani wakati wa kuzaa. Nia yake ilikuwa mbaya, nakiri, na wenye viwanja hawana nia hiyo. Lakini kama masikio ya mbweha yalipata hakimu wa kuyasikiliza, ya watu yasiombewe kusikilizwa mapema?

Nao ufumbuzi hauhitaji sheria mpya kabisa. Kanuni hiyohiyo ya siku 28 tayari inakataza mlango wa pembeni kwa mchezo huu katika maeneo yaliyotengwa kwa umuhimu wake wa kisayansi, kwa ajili ya ndege na mimea. Katazo hilo lienezwe mashamba yote yaliyo karibu na makazi. Anayetaka uwanja alete ombi, aonyeshe bunduki zitaelekea wapi, siku gani, saa ngapi, Jumapili ngapi, na nani atayaokota marisau. Majirani wasomewe, wajibu, na halmashauri iamue hadharani.