Sumu ikitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto ataijuaje?

Nyarutarama inajulikana Kigali kwa majumba yenye kuta ndefu, uwanja wa gofu na ziwa lake. Hadi mwaka 2022, jirani na majumba hayo palikuwa na vijumba vya Kangondo na Kibiraro, maarufu kwa jina la Bannyahe, kabla ya wakazi wake wa mwisho kuhamishiwa Busanza, wilayani Kicukiro. Tajiri na maskini waliishi hatua chache tu wao kwa wao, lakini sumu za nyumbani hazijui ukuta. Kwa tajiri kuna klorini ya bwawa la kuogelea, asidi ya kuzibua mabomba na dawa ya mende. Kwa maskini kuna mafuta ya taa, sumu ya panya na javeli ya kufulia. Mtoto wa miaka miwili huonja chochote anachokifikia, awe wa mwenye nyumba au wa mfanyakazi wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2004 pekee sumu iliua zaidi ya watoto na vijana 45,000 wenye umri wa chini ya miaka 20 duniani. Wanaokabiliwa na hatari kubwa ni wale wanaoanza kutembea. Mara nyingi lawama humwangukia mama au yaya: alikuwa wapi, kwa nini hakuangalia? Swali hilo halitoshi. Kabla chupa haijafika chini ya sinki ilipita mikononi mwa watu wengi, na mmoja wao ni mfanyabiashara anayevuka mpaka.

Kazi hiyo inajulikana vizuri Gatuna, Rusumo na pale Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi. Mzigo huja katika madumu ya lita 20 au lita 5. Mnunuzi wa mwisho hana fedha ya dumu zima. Anataka ya kutumia wiki moja. Basi muuzaji humimina. Chupa iliyo karibu ni ya soda au ya maji ya kunywa, na ndiyo inayotumika. Papo hapo vitu vitatu hupotea: maandishi ya onyo, mfuniko mgumu kufunguka na jina la kilichomo. Mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji yanafanana na maji. Mtoto mwenye kiu hana kosa.

Faida ya maandishi kwenye chupa ilionekana Aprili 2024. Nigeria ilitangaza kuwa toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto lina diethilini glikoli kupita kiasi. Nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Tanzania na Rwanda, zilichukua hatua za kuliondoa sokoni, ingawa kampuni baadaye ilisema vipimo vyake havikukuta sumu hiyo. Awe mkweli nani, jambo moja ni wazi: toleo lile lilitafutika kwa sababu lilikuwa na namba. Dawa ya wadudu iliyomiminwa sokoni haina namba, haina tarehe wala mwenyewe. Ikileta maafa, hakuna wa kurudishiwa wala wa kuulizwa.

Afrika Kusini imelipia somo hilo kwa uchungu. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, na uchunguzi ukaonyesha kuwa waliuawa na tebufosi, dawa kali ya shambani ambayo haikuruhusiwa kutumika majumbani. Katika vitongoji vya huko, dawa za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa rejareja kwa ajili ya kuulia panya.

Wapo watakaosema kwamba bila kumimina biashara itakufa, kwani mteja wa kipato kidogo hawezi kununua lita nzima. Hoja hiyo ina uzito. Lakini anachohitaji mteja huyo ni kipimo kidogo, si chupa ya soda. Viwanda vingi vinafungasha sabuni na maziwa katika vipimo vidogo. Wanunuzi wa jumla wakidai hivyo kwa javeli na dawa za wadudu, watasikilizwa. Kwa mafuta ya taa, utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa pale familia zilipogawiwa vyombo vyenye mifuniko ambayo mtoto hawezi kuifungua, visa vya watoto kunywa mafuta hayo vilipungua kwa karibu nusu. Na kwa viuatilifu, kanuni za kimataifa za FAO na WHO zinakataza kabisa kuvifungasha upya katika vyombo vya chakula au vinywaji.

Kuna suala la lugha pia. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 2021. Onyo lililoandikwa kwa lugha ambayo yaya hawezi kuisoma halimwonyi mtu. Kwa kuwa bidhaa moja huuzwa Kampala, Bukavu na Kigali, onyo la Kiswahili pamoja na alama ya fuvu linapaswa kuwa sharti la kuvuka mpaka. Utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, huangalia thamani na asili ya bidhaa. Madawati ya habari za biashara mipakani yanaweza kuongeza ujumbe mmoja tu: usimimine sumu katika chupa ya kinywaji.

Muuzaji anaweza pia kuokoa maisha kwa maneno machache anaporudisha chenji. Amwambie mteja aweke bidhaa juu, mahali penye kufuli, katika chombo chake cha asili. Amwambie kwamba mtoto akinywa mafuta ya taa au kemikali kali asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa au mafuta ya mawese. Akitapika, mafuta ya taa huingia kwenye mapafu, na asidi huunguza koo mara ya pili. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji mengi, mtoto akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Kwa Rwanda, namba ya gari la wagonjwa ni 912.

Daktari akipewa chupa yenye maandishi, anajua aanzie wapi. Akipewa chupa ya soda, anabaki kukisia huku muda wa mtoto ukiisha. Mfanyabiashara ndiye anayeamua daktari atapewa ipi kati ya hizo mbili, na huamua siku anapofungua dumu.