Usimpe Mgonjwa Mfungo, Mpeleke Hospitali

Watumishi wenzangu wa Garissa, dada aliyepasuliwa ili apunguze uzito akikatwa na tumbo ghafla miezi baadaye, mnamwambia afunge siku tatu eti "alichezea kazi ya Mungu." Huo unabii mmeutoa wapi? Kama utumbo uliunganishwa upya, mafuta ya ndani yakiisha nafasi hufunguka. Utumbo unaweza kupenya ukajisokota, ukaoza kwa saa chache. Isaya, nabii kweli kweli, aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu la Hezekia. Mkimbize Hospitali ya Rufaa ya Kaunti usiku huo huo, na aseme alipasuliwa nini. Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Maombi fanyeni garini.