Ukurasa wa Wanafunzi: Siku ya Kuchagua Wachezaji

Juma hili ukurasa huu ni wa mtu mmoja, nanyi wengine mtusikilize. Mwanafunzi wa Nyunzu ametuandikia kwamba shuleni kwao wanatayarisha mchezo wa kuigiza, na wachezaji watachaguliwa mwisho wa mwezi. Yeye ni mtoto wa Batwa. Atamani kuwa hakimu katika mchezo huo, lakini wenzake wamemwambia asijisumbue. Eti nafasi yake imekwisha kuwekwa, ni ile ya mwindaji mwenye upinde, aingiaye mara moja tu ili watu wacheke. Auliza afanye nini, tena auliza kama yampasa kuificha lafudhi ya kwao.

Mwanangu, tuanze na kazi, maana kazi ndiyo itakayokusemea siku ile.

Uyaombe maneno ya hakimu mapema, lakini usiyakariri kwanza. Soma mchezo wote, hata kurasa asizoonekana hakimu. Kisha ujiulize: mtu huyu ataka nini kwa yule anayesema naye? Anaogopa nini? Kama mchezo umeandikwa kwa Kifaransa, usimulie kwanza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kama unavyomweleza nyanya yako jioni motoni. Pale ulimi unapokwama, hapo hujaelewa bado. Ukiisha kuelewa, ndipo urudi kwenye Kifaransa. Wengi hufanya kinyume: huyameza maneno kama vidonge vya kwinini, na neno moja likiwapotea siku ya kujaribiwa, mengine yote hulifuata.

Wako wachezaji mashuhuri wa nchi yetu ambao hawakutegemea karatasi kabisa. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza kwa Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 lilitunga mchezo juu ya utawala na wale wanaoula peke yao. Mtaalamu Johannes Fabian aliufuata tangu mazungumzo ya kwanza akauandikia kitabu. Wachezaji walipatana juu ya kisa na nafasi ya kila mmoja, kisha kila mtu akaleta maneno yake katika mazoezi. Basi, mwalimu akikwambia ghafula, “Weka kitabu chini, mkaripie huyu mwizi wa mbuzi,” usishtuke. Ukijua hakimu ataka nini, maneno yatakuja.

Sauti nayo yahitaji mazoezi. Mwambie ndugu yako asimame upande wa pili wa uwanja, nawe useme naye bila kupiga kelele. Pumua chini, tumboni, wala usiumalize mwisho wa sentensi kwa kunong'ona. Huko ndiko wachezaji wengi wanapotea. Ukumbi wa bati siku ya mvua hauna huruma kwa mtu yeyote.

Hapa nikiri la kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilijifunza maneno yote ya mfalme mmoja, nikayanguruma mbele ya walimu hata nikatoka jasho. Mmoja wao akaniambia nisimame kama mtumishi anayemsikiliza mfalme, nisiseme neno. Sikuweza. Macho yangu yalitangatanga, mikono ikatafuta mifuko. Nafasi ikaenda kwa kijana aliyekuwa na sauti ndogo kuliko yangu, lakini aliyejua kusikiliza. Nilikasirika muhula mzima, na kwa kweli hasira ile haikuwa na haki.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wenzako wasema nafasi zimekwisha kugawanywa kwa kabila. Kama ni kweli, basi hakuna kuchagua, na walimu wanaosoma ukurasa huu nawasihi waitazame orodha yao tena. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, Kenya, wafanyakazi na wakulima walitayarisha mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wachezaji walijaribiwa hadharani, wanakijiji wakitazama na kusema wazi nani afaa na nani hafai. Serikali iliupiga marufuku mchezo ule mwezi wa Novemba mwaka uleule, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba nafasi zilitolewa gizani. Kwa nini shule isifungue mlango wa darasa siku hiyo, wanafunzi wote wakaona?

Nyunzu yahitaji jambo hili kuliko miji mingi. Mwaka 2015 kambi ya Batwa waliokimbia makwao ilishambuliwa mjini humo, watu wengi wakauawa. Na katika vita hivyohivyo vijiji vya Baluba vilichomwa moto. Wazazi wa pande zote mbili watakaa kwenye mabenchi yaleyale kuutazama mchezo wenu. Watakachocheka pamoja kina uzito wake.

Wala sisemi nafasi ya mwindaji ni aibu. Ukipewa, uulize kwa adabu: mwindaji huyu ataka nini, naye asema nini? Akiwa na lake la kutafuta, mcheze kwa moyo wote. Akiwa amewekwa ili upinde wake uchekwe, waweza kukataa kwa heshima, na ukaomba kupiga ngoma au kushika kitabu kuwakumbusha wenzako maneno.

Lafudhi usiifiche. Tamka kila neno liwe wazi, basi. Hakimu aweza kutoka nyumba yoyote.

Siku ile ule chakula kidogo asubuhi, ufike mapema, uwatazame waliotangulia bila kuwacheka. Kisha utuandikie ni nani aliyepata kiti cha hakimu.