Wao Wana Afisa, Sisi Tuna Benchi

Ukiugua siku hizi, cha kwanza kupimwa ni kadi. Presha itasubiri, joto litasubiri, na mtoto anayetapika ndani ya kopo naye atasubiri mpaka mama yake afike dirisha la bima, ataje jina, aweke kidole kwenye kile kimashine, na yule binti wa ndani aangalie kompyuta kwa uso usiosema kitu. Kikisoma, karibu sana. Kisiposoma, "Mama, naomba ukae pale kwanza." Pale ni kwenye benchi. Benchi hilo tunalijua kuliko tunavyowajua madaktari.

Mtaani kwetu yupo fundi ujenzi anayetibiwa kwa bima ya mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Saruji imemla alama za vidole, vyote kumi. Kila akienda hospitali huanza kujieleza kama mshitakiwa. Anatoa kitambulisho, mke anapigiwa simu yuko darasani, anajaribishwa dole gumba, cha shahada, cha kati, anapewa spiriti ajifute, anarudia tena. Mshahara wa mwalimu unakatwa kila mwezi bila kuombwa kidole. Hakuna mwezi hata mmoja ambao makato yaligoma kusoma.

Mashine, hata hivyo, si hoja yetu kubwa. Hoja ni kwamba bima yoyote yenye ofisi na bango ina kitengo cha mahusiano na watoa huduma, na hao watoa huduma ndio hospitali, vituo vya afya, maabara, kliniki za meno na macho, na maduka ya dawa. Hospitali nayo ina ofisa wake wa bima, na zile kubwa zina chumba kizima cha watu wa madai. Pande hizi mbili zinajuana. Wana namba za simu za wenzao, wana kundi la WhatsApp, wana vikao, na Desemba ikifika wana hafla. Mwenye hela, yaani sisi, hana afisa upande wowote. Ana namba ya huduma kwa wateja inayomwimbia muziki mpaka simu inaisha chaji.

Hatuwachukii hao maafisa. Tunaye mmoja hapahapa mtaani, binti tuliyemwona akikua, na tunamwona anavyorudi jioni viatu mkononi. Kazi yake ukiisikia kwenye tangazo ni tamu: kujenga uhusiano mwema. Ukimkalisha barazani akakusimulia, utamwonea huruma. Asubuhi yuko kwenye hospitali inayodai malipo ya miezi mitatu, na mhasibu wa pale anamsemesha kana kwamba hela hizo kazificha yeye kwenye mkoba. Mchana yuko kwenye zahanati ya pembezoni, anawafundisha wauguzi kujaza fomu ili madai yasirudi. Alasiri meneja wake anampigia kuuliza kwa nini kituo fulani gharama zake zimepanda, maana mle ndani kila anayekohoa anapimwa malaria, taifodi, mkojo na choo, na bima ndiyo inalipa. Kwa hospitali yeye ni mdaiwa. Ofisini kwake anaonekana mtetezi wa hospitali. Na akipita kwenye korido amevaa fulana yenye nembo, sisi nasi tunamrukia: "Dada, wewe si wa bima? Hebu njoo uone."

Anakuja na zawadi pia, tusimnyime haki yake. Kalamu, shajara, na kalenda za ukutani. Ukitaka kujua hali ya mahusiano katika hospitali yoyote ya mjini, usiulize mtu, tazama ukuta wa nyuma ya dirisha la bima. Kalenda za bima zimepangwa pale, kila moja na picha ya familia inayocheka meno yote nje. Halafu juu ya mojawapo, katikati ya kifua cha yule baba anayecheka, imebandikwa karatasi ya A4 kwa selotepu: "Kwa sasa hatupokei kadi hii. Samahani kwa usumbufu." Karatasi haina tarehe, haina sahihi, haina sababu. Na hiyo ndiyo barua rasmi pekee ambayo mchangiaji hupata kuhusu mkataba uliovunjika kwa niaba yake. Anaisoma akiwa ameshalipa bajaji, akiwa na mgonjwa begani.

Mgogoro wenyewe huanzia mbali, kwenye makato ya madai. Hapa ndipo pana utamu wa mambo, na ndipo wengi wetu hatujui kinachoendelea. Hospitali inakutibu leo bila kupokea hata senti. Mwisho wa mwezi inakusanya fomu zote, inatuma madai. Kule bima wapo wakaguzi, wengine waganga kabisa, wanaopitia fomu moja moja: ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa iliyotolewa, kata. Sahihi ya mgonjwa haipo, kata. Bei imezidi ile ya mkataba, punguza. Kipimo kimerudiwa kabla ya muda, kata. Mengi ya hayo ni halali, tukubali. Lakini hospitali ikipokea chini ya ilichodai, haigombani na mkaguzi, maana hamwoni. Inamalizia kwetu.

Inavyomalizia ni kwa upole mkubwa. Unafika dirisha la dawa na karatasi ya daktari yenye dawa tano. Mfamasia anapiga tiki mbili. Hizo nyingine? "Hizi bima haitoi." Ukibisha kwamba mwezi jana ulipewa, jibu linabadilika: "Basi zimeisha." Unatoka, unazunguka jengo, unafika dukani, tena mara nyingine duka lenyewe liko ndani ya geti lilelile, na dawa ipo, mpya, bei ya taslimu. Binti yetu ndiye aliyetufumbua macho. Dawa kwenye orodha ya bima ipo, ila bei iliyokubaliwa ni ndogo kuliko ile ambayo hospitali hununulia. Kila kopo likitoka kwa kadi ni hasara. Kwa hiyo wanatunza stoo kwa ajili ya mwenye fedha mkononi. Tukamuuliza, sasa nyie mnajua hivyo mnafanya nini? Akasema wanaandika ripoti.

Kuna jambo la vibali nalo. Vipimo vya gharama, upasuaji mkubwa, baadhi ya dawa za saratani, havifanyiki mpaka bima iidhinishe kwanza. Mmoja wetu, karani wa halmashauri, baba yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari akasema awekwe chuma, na chuma kinahitaji kibali. Ijumaa ikapita, Jumamosi na Jumapili hazihesabiki, Jumatatu mzee bado amelazwa na mguu umefungwa, haulizi kitu zaidi ya "Mwanangu, wamejibu?" Dirishani wanasema: "Dada, sisi tulituma tangu Ijumaa, wenzetu ndio hawajajibu." Anapiga simu bima: "Mpendwa mwanachama, ombi lako halijakamilika, hospitali haijaambatanisha picha ya eksirei." Anarudi dirishani, anaambiwa picha ilitumwa. Anapiga tena, anaambiwa haipo. Mwisho akaweka simu spika, akailaza kwenye kaunta mbele ya yule ofisa, akasema: "Haya, ongeeni."

Kimya kikapita kidogo. Kisha:

"Halo, hapa ni dirisha la bima."

"Naomba namba ya ombi."

Ikasomwa.

"Ninayo. Picha ya eksirei hatuna."

"Tulituma kwa barua pepe."

"Ipi?"

"Ile yenu ya siku zote."

"Ile ilifungwa, siku hizi mnapandisha kwenye mfumo."

"Hatukuambiwa."

"Mlitumiwa waraka."

Ofisa akageuka ukutani, akainua kalenda, na chini yake waraka ukawepo, umetobolewa kwa msumari uleule. Picha ikapandishwa, na kibali kikatoka kabla ya chakula cha mchana. Siku zote zile, mtu aliyekuwa anabeba ujumbe kati ya taasisi mbili zenye vitengo vya mahusiano alikuwa karani mmoja aliyeomba ruhusa kazini, na hajalipwa posho ya nauli na yeyote.

Mambo haya yakitokea kwa mtu mmoja yanaitwa usumbufu. Tanzania nzima iliyaonja Machi 1, 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya. Mfuko ulisema bei zimepangwa kwa kuangalia soko na uhai wa mfuko. Hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, zikasema bei hizo hazirudishi gharama, na nyingi zikasitisha kuwahudumia wenye kadi za mfuko. Serikali ikaingilia kati, na baada ya siku chache huduma zikarejea. Siku chache kwa anayesoma gazeti. Kwa mama wa miezi tisa aliyekuwa anahudhuria kliniki ya hospitali binafsi, na kwa mgonjwa wa figo mwenye ratiba ya kusafishwa damu, siku hizo zilikuwa na saa ndefu kweli. Asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri wake, ilikatwa mwezi ule kama miezi mingine.

Majirani zetu Kenya nao wasitucheke. Mfuko wao wa NHIF, ulioanza mwaka 1966, ulipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 1, 2024. Zamani mwajiriwa mwenye mshahara mkubwa kuliko wote alikatwa shilingi 1,700 kwa mwezi na basi. Sasa ni asilimia 2.75, haina ukomo juu, na chini haishuki shilingi 300. Juu ya hayo, hospitali zilikuwa zinadai malimbikizo ya mfuko wa zamani, na Februari 2025 hospitali binafsi za chama cha RUPHA zikatangaza kusimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni. Mgonjwa kadi anayo mkononi, mshahara umeshakatwa, dirishani anaambiwa alipe taslimu. Ukisikiliza wanavyolalamika Kakamega na tunavyolalamika Temeke, utadhani tumekaa benchi moja.

Tunajua tutajibiwa kwamba hata wanachama si malaika. Kweli. Wapo wanaoazimana kadi, na shemeji aliyetoka kijijini akatibiwa kwa jina la mwenye nyumba. Vipo pia vituo vinavyodai sindano ambazo hakuna mkono uliochomwa. Wakamatwe. Ila mwalimu hapaswi kuwekwa benchi kwa kosa la shemeji wa mtu mwingine.

Tutaambiwa pia tupeleke malalamiko panapohusika. Kwa bima za kampuni binafsi ipo mamlaka ya usimamizi, TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Vyombo vizuri, vimewasaidia watu. Lakini kidole tumbo hakingoji barua.

Tunachoomba kwenu, bima na hospitali, si kikubwa. Mkatae kadi, sawa, lakini mtupe karatasi yenye sababu na jina la aliyekataa, tuwe na cha kushika. Orodha ya dawa zilizomo kwenye kitita ibandikwe palepale dirisha la dawa, ili yule mfamasia mpole atudanganye kwa taabu kidogo. Na mkataba kati yenu ukikaribia kufa, tujulishwe kabla. Kampuni za simu, ambazo tunazisema kila siku, hututumia ujumbe kifurushi cha shilingi mia tano kinapokaribia kuisha. Bima inayochukua asilimia ya jasho la mtu inashindwaje kumwambia kwamba kuanzia Jumatatu hospitali ya jirani haipokei kadi yake, na ya karibu inayoipokea ni ipi?

Haya yote tulimpa binti yetu ayapeleke ofisini, jioni moja akiwa amekaa anasugua miguu. Aliyaandika kwenye simu vizuri tu, hakubisha hata moja. Kisha akasema yeye ayapeleke kwa nani, maana kitengo chake ni cha watoa huduma, mambo ya wanachama yako ghorofa ya juu. Tukamuuliza huko juu mkuu ni nani, tumwandikie wenyewe. Akasema aliyekuwepo alihamishiwa mahusiano na watoa huduma, na nafasi yake bado haijatangazwa.