Vichujio vya masizi vyawatoa jasho wenye magari ya dizeli

MAGARI ya dizeli yaliyotumika Japani na Ulaya yanaingia nchini yakiwa na kifaa ambacho mabasi na malori ya zamani hayakuwa nacho: kichujio cha masizi katika bomba la moshi. Kikiziba, taa ya njano huwaka kwenye dashibodi, gari hukosa nguvu mlimani, na mara nyingi mwenye gari huambiwa gereji kwamba dawa yake ni kukitoboa.

Kichujio hicho ni kipande cha kauri chenye vijitundu mfano wa sega la nyuki. Moshi hulazimika kupenya katika kuta zake, na zaidi ya asilimia 90 ya masizi hubaki humo. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ndiyo iliyoanza kukifunga katika magari madogo ya kuuzwa kwa wingi, kwa toleo lake la 607, mwaka 2000. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yaliyoshindwa kufikia kiwango cha masizi, baada ya gavana wa wakati huo, Shintaro Ishihara, kutikisa chupa ya masizi mbele ya waandishi wa habari. Ulaya nayo, kiwango cha Euro 5 kilichoanza kutumika mwaka 2009 kilikifanya kichujio kuwa cha lazima kwa vitendo.

Waliokibuni walikusudia kijisafishe chenyewe. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo ili joto la kichujio lifike karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi yakaungua. Kazi hiyo huhitaji gari litembee kwa mwendo mzuri bila kusimama kwa dakika 10 hadi 20.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapogongana na kifaa hiki. Gari linalotoka Mbagala kwenda Posta asubuhi, likisogea hatua kwa hatua, halipati dakika hizo. Uunguzaji huanza, dereva akazima injini, na kesho yake mambo ni yale yale. Baya zaidi, katika injini nyingi dizeli ya ziada isiyoungua huteremka hadi kwenye oili. Mwenye gari anayeona oili imeongezeka badala ya kupungua asifurahi. Oili hiyo imekuwa nyepesi na inaweza kuua injini.

Kwa gari ambalo taa imewaka tu, safari moja ya Chalinze inaweza kutosha. Likizidi hapo, fundi mwenye mashine ya kupimia huweza kuiamuru kompyuta iunguze masizi gari likiwa limesimama, mahali pa wazi, mbali na nyasi kavu na chochote kinachoshika moto.

Lakini masizi siyo majivu. Masizi huungua, majivu yatokanayo na viungo vya oili hayaungui kamwe. Hujilimbikiza kilometa hata kilometa, na gari likifika kilometa 100,000 na kuendelea yanaweza kuwa yamechukua sehemu kubwa ya kichujio. Anayenunua gari lililotumika, kwa maneno mengine, hununua na majivu ya mwenzake. Haya huondolewa kwa kukifungua kichujio, kukipasha joto katika tanuri maalumu na kukipuliza kwa hewa, au kukiosha kwa mitambo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mashine ya kuoshea magari huweza kuipasua kauri, na maji yake meusi huishia mtaroni. Tena, kuziba huwa ni dalili tu: nozeli inayovuja au tabo inayopitisha oili isipotengenezwa, kichujio kitaziba tena.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Januari 2015 ndipo nchi tano zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo zilipoingia katika kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ila uchakachuaji, ule uliofanya Serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kiwango cha karatasini na kilichomo pampuni vinaweza kutofautiana.

Kutoboa ni rahisi na nguvu za gari hurudi, ndiyo maana kunapendwa. Gharama yake huhamia kwa wauza matunda wa Ubungo na wanafunzi wanaosubiri daladala. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoondolewa kichujio hufelishwa katika ukaguzi wa kila mwaka. Askari anayekagua kwa macho hawezi kulitambua: ganda la nje hubaki, ndani hamna kitu, na chembe hatari zaidi hazionekani.

Mnunuzi anaweza kufanya jambo moja kabla ya kulipa: kumtaka fundi asome kwa mashine tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya kichujio. Ikiwa kubwa, kimejaa. Ikiwa sifuri injini ikinguruma, kuna uwezekano mkubwa kwamba kimekwishatobolewa, au bomba la sensa limeharibika.