TAA YA AKIBA ISITUPWE

Hapana mwananchi wa Kanda ya Ziwa asiyefurahi kuona nguzo za umeme zikipita kati ya mashamba ya pamba na mihogo ya Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe. Kwa miaka mingi umeme ulikuwa kitu cha mjini. Mkulima aliyekwenda Mwanza kuuza mazao yake aliuona ukiwaka barabarani, kisha akarudi nyumbani kwenye kibatari. Sheria ya mwaka 2005 iliyouzaa Wakala wa Nishati Vijijini ilikuja kubadili hali hiyo, na Serikali imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Hiyo ni kazi kubwa, na anayeibeza hajapata kuona mwanafunzi akisoma kwa moshi wa mafuta ya taa.

Lakini neema yo yote huja na wajibu wake. Nyumba iliyozoea umeme huumia zaidi unapokatika kuliko nyumba isiyoujua. Kwa hiyo leo twapenda kusema na wananchi wa vijijini juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati giza limekwisha kuingia: namna ya kuiweka nyumba tayari kwa siku za kukosa umeme, ziwe mbili, tatu au zaidi.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yamepitwa na wakati. Watasema kwamba mgawo wa umeme ulikuwa wa mwaka 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa, na wa 2011, na wa 2022, na ule wa 2023 ulioendelea mpaka mwanzo wa 2024. Sasa liko Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla. Sisi pia twajivunia bwawa hilo. Hata hivyo, kuzalisha umeme ni jambo moja, na kuufikisha kijijini ni jambo jingine. Mtambo wa kwanza wa Rufiji ulianza kutoa umeme Februari 2024. Lakini tarehe 1 Aprili mwaka ule ule hitilafu katika Gridi ya Taifa ilileta giza karibu nchi nzima. Maji bwawani yalikuwapo, mitambo ilikuwapo, na nyumba zilikuwa gizani.

Wala jambo hili si aibu ya Tanzania peke yake. Jirani zetu wa Kenya walipatwa na giza la nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Hispania na Ureno, nchi tajiri za Ulaya, zilikosa umeme kwa saa nyingi tarehe 28 Aprili 2025. Gari moshi zikasimama njiani na watu wakatafuta mishumaa madukani. Ikiwa wao waliokuwa na umeme tangu enzi za mababu zao hawakusalimika, sisi twategemea nini? Umeme wa kusini hupita Dodoma, Singida na Shinyanga kabla ya kufika kwetu. Tena nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria zimo katika zile zipigwazo na radi nyingi kuliko zote duniani. Radi moja, mti mmoja ulioangukia waya, au nguzo moja iliyoliwa na mchwa, yatosha kukizimia kijiji, na kijiji kilicho mbali ndicho hufikiwa na mafundi mwisho.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kosa tunaloliona katika vijiji vingi ni hilo hasa. Umeme ukiingia, taa ya akiba hutupwa, mtungi wa maji huvunjwa usinunuliwe mwingine, na unga husagwa wa siku moja moja kwa kuwa mashine ipo karibu. Siku mashine ya umeme inapolala, mama hukaa na gunia la mahindi ndani na watoto wenye njaa mlangoni. Hiyo si njaa ya kukosa chakula. Ni njaa ya kukosa maandalizi.

Basi tuanze na chakula. Debe moja la unga laweza kulisha jamaa ya watu 6 kwa karibu juma moja. Kila nyumba iwe na kiasi hicho wakati wote, katika chombo kikavu chenye kifuniko, na lisagwe jingine kabla la kwanza halijakwisha. Wasukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni akiba iliyowavusha wazee wetu katika miaka ya ukame bila friji wala mashine. Dagaa waliokaushwa vizuri hukaa muda mrefu. Samaki wabichi ni habari nyingine. Jokofu la kugandisha lililojaa, lisipofunguliwa, hutunza baridi kwa saa 48 hivi. Likiwa nusu, kwa saa 24. Na friji ya kawaida kwa saa 4 tu. Kwa hiyo mwenye sato au sangara ndani asifungue mlango kila mara kuwatazama. Saa hizo zikikaribia kwisha, awatie chumvi, awabanike au awauze, kuliko kungojea harufu imwamulie.

Jambo la pili ni maji. Vijiji vingi sasa vyapata maji kwa pampu ya umeme. Umeme ukikatika, bomba hukauka. Hapo ndipo wanawake na watoto hurudi ziwani, kwenye mamba na kiboko, na kwenye maji yenye vijidudu vya kichocho na kipindupindu. Mtu mmoja huhitaji lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Jamaa ya watu 6 kwa siku 3 yahitaji lita 270, yaani madumu 14 ya lita 20. Asiyeweza madumu 14 aweke 5 ya kunywa na kupikia tu, lakini asikose kabisa. Na ikiwa hapana budi kuchota ziwani, maji ya kuoga yakae katika chombo safi kwa siku 2, kwa maana viluwiluwi vya kichocho hufa katika muda huo. Na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima. Kuyaweka siku 2 hakuui vijidudu vya kipindupindu. Moto au dawa ya maji ndiyo huviua.

Jambo la tatu ni mwanga na moto, na hapa twataka kusema kwa nguvu, kwa sababu giza lenyewe haliui mtu. Kinachoua ni yale tuyafanyayo gizani. Kibatari kikiwekwa karibu na chandarua, au chini ya paa la nyasi, ni nyumba kuteketea. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na dirisha likafungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala wasiamke. Huko Texas, Marekani, umeme ulipokatika wakati wa baridi kali Februari 2021, watu walikufa kwa hewa hiyo kwa sababu waliingiza moto na jenereta ndani au karibu mno na nyumba. Jenereta iwe nje, mbali na madirisha. Taa ndogo ya jua ndiyo iliyo bora: haina moshi, haichomi, na huchaji simu pia. Wavuvi wa dagaa waliotumia karabai kwa miaka mingi, na ambao wengi wao sasa huvua kwa taa za betri na za jua, ni mashahidi wa jambo hili. Mwenye kupikia umeme naye asiwe na jungu la umeme peke yake. Jiko sanifu au mtungi wa gesi uwe karibu.

Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, dawa yake ifikiriwe kabla ya televisheni. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga ukijazwa kati na kunyunyiziwa maji, kikiwekwa kivulini, hupunguza joto la dawa hiyo. Mama mjamzito aliyekaribia siku zake ajue mapema zahanati gani ina taa ya jua, na simu ya nyumbani isimalizwe chaji kwa muziki.

Twawageukia pia wafanyakazi wenzetu, mafundi wapandao nguzo. Mtu anayeunganisha jenereta yake na waya za nyumba bila swichi ya kutenganisha hupeleka umeme barabarani katika waya ambao fundi anaamini umekufa. Kwa tamaa ya kuangaza sebule moja, huweza kuua baba wa watoto wa mwingine. Haifai kabisa. Kadhalika, waya ulioanguka usiguswe na mtu, hata kama kijiji kizima kiko gizani. Vyombo vichomolewe, kwa kuwa umeme hurudi mara nyingine kwa nguvu ya kuunguza.

Kuna watakaouliza: maskini atapata wapi taa ya jua na madumu 14? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya mkoa huu. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, walipoona wanapunjwa katika mizani, hawakungojea kila mmoja anunue mizani yake. Waliungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, pamoja na Paul Bomani. Nyumba 10 zikichanga zaweza kupata tangi moja la maji na sehemu ya kuchajia simu. Kijiji chaweza kutunza mashine moja ya kusaga kwa dizeli badala ya kuiuza kama chuma chakavu. Kile ambacho ni mzigo kwa mmoja huwa chepesi kwa kumi.

Lakini wajibu wa mwananchi haufuti wajibu wa wenye dhamana. Mgawo ukiwapo, ratiba itangazwe mapema kwa redio na kwa ofisi za vijiji, kisha ifuatwe. Mama hawezi kusaga unga wala kujaza madumu kwa ajili ya giza asiloambiwa. Zahanati zisiachwe bila mwanga wa akiba, kwa maana chanjo za watoto huhitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na mtoto hazaliwi kwa ratiba. Miti iliyo karibu na waya ikatwe, na nguzo zilizooza zibadilishwe kabla ya mvua za masika, wala si baada ya nyumba kuzimika.

Kujiandaa kwa giza si kuukataa umeme, wala si kuitilia shaka Serikali. Mvuvi hubeba kasia hata kama mtumbwi wake una injini, na hapana amwitaye mwoga. Tuutumie umeme, tuutunze, tuudai pale usipofika. Na kila nyumba ya Kanda ya Ziwa, kabla ya jua la leo kutua, itazame mambo manne: unga, maji, taa na dawa. Kilichopungua kitafutwe sasa, wakati bado tunaonana.